Mbuta, mgeni aliyemla mwenyeji

Nenda leo katika soko la Gikomba jijini Nairobi uwaulize akina mama wauzao samaki wamepokea samaki gani kutoka Ziwa Victoria. Utatajiwa watatu: mbuta, ngege na omena. Ukizidi kuuliza, huenda ukaongezewa kamongo au mumi, tena kwa sharti la kurudi kesho. Hao ndio samaki wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68,800, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika.

Kati ya hao watatu, wawili ni wageni. Mbuta aliletwa. Na huyu tumwitaye ngege siye ngege hasa. Ni samaki wa mto Nile aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye wavuvi wengine humwita nyamami. Alichukua mahali pa ngege wa asili, akachukua na jina lake. Omena peke yake ndiye mwenyeji.

Juma hili, msomaji mpenzi, nataka tumzungumzie huyo mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara na wale wa Uganda mputa. Wengi wetu humjua akiwa mnofu mweupe usio na mwiba, uliokaangwa vizuri na kuwekwa pembeni mwa sima na sukuma wiki. Tunamla kwa raha, wala sisemi aachwe. Hata hivyo, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe limemtia katika orodha ya viumbe wageni 100 waliofanya madhara makubwa kupita wote duniani. Ni vyema kujua alifikaje mezani petu, na ni nani walioondoka ili yeye akae.

Walioondoka ni fulu, na aliyezaliwa mjini huenda hawajui. Walikuwa samaki wadogo, wengi wao hawakuzidi urefu wa kiganja cha mkono, wenye mifupa mingi. Dume la fulu hung'aa rangi za kila namna, jekundu, buluu au manjano, na jike huchagua mume kwa rangi hizo. Jike hilo hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani na kuyalea humo humo mpaka yaanguliwe. Vifaranga navyo, vikitishwa, hukimbilia kinywani mwa mama.

Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, na karibu zote hazikupatikana kwingineko duniani. Kila aina ilikuwa na riziki yake. Walikuwako waliokwangua ukoga kwenye mawe, waliovunja konokono kwa meno, waliochuja vijidudu majini na waliokula tope la chini. Walikuwako hata wezi waliowapokonya akina mama wengine mayai na vifaranga kutoka vinywani mwao! Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ziwa hili lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena. Maana yake ni kwamba aina hizo zote zilitokea katika muda ambao, kwa hesabu za viumbe, ni sawa na kupepesa jicho. Ndiyo sababu wanasayansi wa ulimwengu mzima walilitazama ziwa letu kama darasa.

Kwa ofisa wa samaki wa serikali ya kikoloni, hata hivyo, fulu alikuwa takataka tu. Samaki wa thamani kwake alikuwa ngege, yule wa asili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na nyavu za kizungu zinazonasa samaki kwa matamvua zikaletwa mwaka 1905, ngege alivuliwa na kupelekwa mijini mpaka akaanza kuadimika. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilichunguza ziwa lote. Katika ripoti yake ya mwaka 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka nje kungekuwa hatari kubwa mno. Onyo hilo liliandikwa wazi, likapigwa chapa, likawekwa kabatini.

Fikira ya kuleta mbuta haikufa. Waliompenda walisema ziwa limejaa samaki wadogo wasio na faida. Wakasema, tumlete mmoja mkubwa awale hao wadogo, nasi tumle yeye. Walikuwako pia wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano kama mchezo, na mbuta ni samaki wa kujivunia ukipigwa naye picha. Huweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Waliopinga walisema kwamba samaki mla samaki lazima ale kilo nyingi ili aongeze kilo moja ya mwili wake, kwa hiyo aliye karibu na ziwa hatapata samaki zaidi bali pungufu. Mmoja wao, mtaalamu Geoffrey Fryer, alichapisha pingamizi lake mwaka 1960.

Alikuwa amechelewa, maana mbuta alikuwa tayari yumo majini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na Mmarekani Robert Pringle unaonyesha kwamba maofisa wa idara ya wanyama na samaki ya Uganda walimtia ziwani kimyakimya, upande wa Jinja, mwaka 1954. Pana kejeli hapa. Mbuta ni mwenyeji wa mto Nile, wa Ziwa Albert na wa Ziwa Turkana letu, na huko anaishi na jirani zake bila kuwamaliza, kwa kuwa walikua pamoja na wamejifunza kumkwepa. Kilichomzuia asifike Ziwa Victoria ni maporomoko ya Murchison. Maumbile yaliufunga mlango huo kwa maelfu ya miaka, na mtu na ndoo yake akaufungua kwa siku moja. Mwaka 1962 na 1963 mbuta wengine walitiwa ziwani hadharani, Entebbe na Kisumu.

Baadaye palikuwa na kimya. Kwa takriban miaka 20 mbuta hakuonekana tishio. Mvuvi alimpata mmoja hapa na mwingine pale, akashangaa ukubwa wake, akamuuza. Waliomleta huenda walijipongeza. Katikati ya miaka ya 1970 kila kilo kumi za samaki waliokuwamo ziwani, karibu nane zilikuwa bado za fulu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yalibadilika ghafla, kwanza huku kwetu katika ghuba ya Nyanza. Nyavu zilijaa mbuta. Uganda ikafuata, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa hiyo hiyo kusini, upande wa Mwanza. Kule Mwanza palikuwa na watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi mwaka 1977 ya kuwaandika fulu kwa aina zao. Kabla hawajamaliza kuwapa majina, samaki walianza kutoweka mbele ya macho yao. Mwaka huu wavu ulileta aina kwa makumi, na miaka michache baadaye ulileta mbuta na uduvi. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima kuhusu kisa hicho. Aina zinazodhaniwa kupotea ni karibu 200, na nyingine zilipotea bila kupewa jina. Mbuta alipowamaliza fulu aligeukia uduvi na omena, kisha akala watoto wake mwenyewe.

Tusimtwike mbuta mzigo wote, lakini. Katika miaka hiyo hiyo maji ya ziwa yalikuwa yakichafuka. Udongo kutoka mashambani, mbolea, na maji machafu ya miji yaliingia ziwani na kuulisha ukoga, ukoga ukazidi, ukaoza, ukamaliza oksijeni ya chini. Maji yakawa na ukungu. Kumbuka nilisema kwamba jike la fulu huchagua mume kwa rangi. Katika maji ya ukungu haoni vizuri, basi huchanganya, na aina mbili zilizokuwa mbali hugeuka moja. Hilo lilithibitishwa na watafiti mwaka 1997. Halafu kuanzia miaka ya 1990 likaja gugumaji, mgeni mwingine, likafunika fuo za Kisumu na Homa Bay hata mashua zikashindwa kutoka.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi huniambia, "Bwana we, mbona mbuta alitutajirisha?" Ni kweli. Samaki waliovuliwa katika ziwa lote kabla ya mbuta kuenea walikuwa karibu tani 100,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 1990 walikuwa karibu tani 500,000. Waliosema tutapata pungufu walikosea katika jambo hilo, angalau kwa miaka hiyo. Viwanda vya kusindika samaki vilijengwa Kisumu, Mwanza na Uganda. Minofu iligandishwa na kusafirishwa kwenda Ulaya. Watoto walisomeshwa kwa fedha za mbuta, na wako mawakili na walimu wa leo waliolipiwa karo na samaki huyo. Asiyelitaja hilo hasemi kweli yote.

Swali langu ni la mgawanyo. Fulu hakuwa mali ya kiwanda. Mtoto alimvua kwa ndoano na kipande cha nyungunyungu, mama akamkausha juani juu ya jamvi, akapikwa jioni au akauzwa mafungu mafungu sokoni. Hakuhitaji mtaji. Mbuta anataka mashua kubwa, wavu wa bei, injini, na barafu. Nyama yake ina mafuta mengi, haikauki juani ila huoza. Lazima ibanikwe au ikaangwe, na hiyo ina maana ya kuni nyingi na miti kukatwa. Mwanamke aliyekuwa na biashara ya samaki wakavu alijikuta amesimama nje ya lango la kiwanda akingoja kilichobaki.

Na kilichobaki kina jina: mgongo wazi. Ni uti wa mgongo wa mbuta na kichwa chake na mkia, baada ya minofu kukatwa kwenda ng'ambo. Katika mtaa wa Obunga, Kisumu, akina mama wameishi miaka mingi kwa kuikaanga mifupa hiyo na kuiuza. Mgongo wazi una ladha, nimeula, na supu ya kichwa chake haina mfano. Lakini hebu fikiria: watu wa kando ya ziwa, ambao babu zao walikula samaki mzima, wanauziwa mbavu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipokataa samaki wa ziwa letu kwa sababu wavuvi wengine walikuwa wakivua kwa sumu, bei ya mbuta ufuoni ilianguka, na viwanda vikapunguza wafanyakazi. Uamuzi wa mnunuzi aliye mbali ulifika jikoni Obunga kwa muda wa juma moja.

Ukurasa huu husomwa na watoto pia, kwa hiyo nitalisema fupi lile jambo liitwalo jaboya. Samaki walipoadimika na wanunuzi wakazidi, wavuvi wengine walianza kudai kwa mwanamke kitu kingine zaidi ya fedha kabla ya kumuuzia samaki. Fuo hizo zikawa miongoni mwa mahali palipoumizwa sana na ukimwi nchini. Mwaka 2011 akina mama wa ufuo wa Nduru, huko Nyakach, walipata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie, ili wasimpigie mtu magoti. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko ripoti zote nilizosoma kuhusu ziwa hili. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha kutoka kijijini kwao, lakini walikuwa wamewaonyesha wengine kwamba inawezekana.

Na mbuta mwenyewe yu hali gani leo? Amepungua na amekuwa mdogo. Kisheria mbuta asiyefikia sentimita 50 asivuliwe, maana bado hajazaa vya kutosha, lakini wadogo kuliko hao huuzwa hadharani. Mashua zetu zinakwenda mbali zaidi, nasi Kenya tuna asilimia sita tu ya ziwa. Fujo za Migingo unazijua. Kisiwa cha mawe kisichofikia ukubwa wa uwanja wa kandanda kiliwafanya Wakenya na Waganda wakunjiane ngumi kuanzia mwaka 2008 na 2009, na kilichogombewa kwa hakika si mawe bali mbuta walio kwenye maji ya kina karibu nacho. Wakati huohuo umezuka mnunuzi wa namna nyingine, anayetaka kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki huyo, ambacho Watanzania hukiita bondo. Kikikaushwa hupelekwa China, na bei yake kwa kilo huishinda ile ya mnofu mara nyingi. Kwa hiyo mbuta mkubwa, yule mama wa mamilioni ya mayai, ndiye anayewindwa zaidi.

Kupungua kwa mbuta kumeleta jambo moja la heri. Tangu miaka ya 1990 fulu wa aina kadhaa wameanza kuonekana tena, hasa wale wala vijidudu na wala tope. Si wote waliokuwapo, wala si kwa wingi ule. Waliorudi wamebadilika kidogo maumbile na chakula, kana kwamba wamejifunza kuishi na adui.

Palipo na matumaini zaidi ni mahali ambapo mbuta hakufika kamwe. Huko Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Humo bado wanaishi ngege wa asili na mbiru, pamoja na fulu ambao katika ziwa kubwa ni shida kuwapata. Kilichowaokoa ni mafunjo. Maji ya katikati ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana. Fulu huyavumilia, mbuta akiingia hukosa pumzi. Ule mmea ambao wengi huuona kama pori la mbu ndio ukuta uliomzuia mgeni. Sehemu ya kinamasi hicho imekaushwa kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960, na mipango ya kukausha zaidi haijawahi kukosekana mezani pa wakubwa. Ninaelewa watu wanataka mchele na sukari. Lakini yeyote atakayetia sahihi karatasi ya kukata mafunjo hayo ajue kwamba anafungua mlango kama ule uliofunguliwa Jinja mwaka 1954.

Nasema hivyo kwa sababu tabia ya kumwaga samaki wageni katika maji yetu haikuisha na ukoloni. Tazama Ziwa Naivasha. Samaki wa Marekani aitwaye besi aliingizwa humo mwaka 1929 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Katika miaka ya 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, akala mimea ya majini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatokea kapi, samaki wa Ulaya na Asia, ambaye baadaye alizijaza mashua za huko. Karibu kila anachovua mvuvi wa Naivasha ni mtoto wa mgeni. Siku hizi wako watu wenye vidimbwi vya samaki nyumbani, na wengine wenye samaki wa mapambo ndani ya chupa za vioo sebuleni. Mafuriko yakija kidimbwi hufurika hadi mtoni. Watoto wakichoka na wale wa chupani, baba huwamwaga kwenye mto ulio karibu akidhani anawahurumia. Mwanafunzi anayesoma haya na aliye na samaki wa aina hiyo nyumbani awape rafiki yake au duka alikowanunua, asiwatie katika mto Nairobi wala bwawa lolote.

Kwa mama au baba aendaye sokoni nina neno moja. Mbuta wa sentimita 50 ni kama urefu wa mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na zaidi kidogo. Ukimwona muuzaji amepanga mbuta wa urefu wa rula ya mtoto wa shule, mwulize amewatoa wapi, na usimnunulie. Mnunuzi wa Nairobi ndiye anayemfanya mvuvi wa Mbita atumie wavu wa macho madogo.

Na ukipata nafasi ya kwenda Kisumu na watoto wakati wa likizo, wapeleke ufuoni asubuhi mashua zinapoingia, waone omena wakimwagwa kwenye nyavu za kuanikia. Waulize wazee waliokaa pale juu ya mashua mbovu wawatajie majina ya samaki waliowala utotoni. Mpe mtoto kalamu na daftari ayaandike jinsi wanavyoyatamka, fulu, ningu, mbiru, okoko, seu, na wengine ambao mimi sijawahi kuwasikia. Wazee hao bado wapo, na hupenda kuulizwa.